Kompyuta ya mezani inayojizima na kujiwasha bila kufika popote: mwongozo kamili

Kompyuta inayojiwasha upya kila mara ina dawa moja iliyozoeleka mtaani: "tupige Windows." Fundi anachomeka flashi, anafuta diski, anaweka Windows mpya, mteja analipa. Siku mbili baadaye mchezo uleule unarudi, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, tangu mwanzo. Hapo picha za harusi na hesabu za duka zimeshakwenda na diski.

Kabla ya kushika bisibisi au flashi, jibu swali moja: mashine inazima ikiwa imefika wapi? Inayozima sekunde chache baada ya kubonyeza kitufe haina kesi na Windows, maana wakati huo Windows haijaanza hata kusomwa kutoka kwenye diski. Inayofika mpaka mahali pa kuandika nywila ndipo ikaanguka, RAM (kumbukumbu ya muda) na mazabodi (bodi kuu) yake angalau zimepita ukaguzi wa mwanzo. Ukijua mahali inapoangukia, umeshaondoa nusu ya washukiwa bila kufungua skrubu hata moja.

Nazungumzia zaidi zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zilizotumika maofisini ng'ambo zikaja kuuzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi, kwa sababu ndizo zilizojaa majumbani. Ni mashine imara, ila umeinunua ikiwa na pawa saplai, betri na feni ambazo zimeshafanya kazi miaka mingi kwa mtu mwingine.

Rekodi inavyoanguka

Chukua simu, irekodi video skrini pamoja na taa ya kitufe cha kuwashia tangu unapobonyeza. Kuna mambo hupita kwa kasi ambayo jicho haliyashiki: skrini ya bluu ya nusu sekunde, taa inayomwekamweka kwa mpangilio, mlio mmoja mfupi. Video unaweza kuisimamisha. Rudia mara kadhaa, maana mashine inayoanguka palepale kila mara inasema jambo tofauti na ile inayoanguka popote inapojisikia. Ya kwanza mara nyingi ina faili au kifaa kimoja kibovu. Ya pili inaelekeza kwenye umeme, joto au RAM.

Kisha ipange katika mojawapo ya makundi haya: inazima kabla ya nembo ya kampuni kuonekana, inaonyesha nembo halafu inadai haioni pa kuanzia, inafika kwenye vidoa vya Windows vinavyozunguka kisha inarudi mwanzo, au inawaka vizuri na kuzima ukiwa kazini. Kila kundi lina sehemu yake hapa chini, lakini wote pitieni kwanza hapa panapofuata.

Umeme wa ukutani

Chomoa kompyuta kwenye UPS na kwenye ekstensheni, uichomeke moja kwa moja ukutani kwenye soketi unayoiamini, kwa waya mwingine wa umeme. Usilidharau hili. UPS ya kawaida ya nyumbani huupitisha umeme wa ukutani kama ulivyo, na umeme unapoyumba ndipo inahamia kwenye betri. Kama betri imekufa, inahamia pasipo na kitu. Kompyuta inazima kwa mtikisiko mdogo ambao pengine ingeuvumilia kama isingekuwa na UPS kabisa. Nimeona watu wakibadilisha mazabodi huku mkosaji akiwa sakafuni anapiga mlio wake wa "bip" ambao nyumba nzima imeshauzoea.

Angalia pia saa. Kama inazima jioni tu, taa zinapofifia, au kila friji inapoanza kunguruma, au fundi jirani anapowasha mashine ya kuchomelea, umeme ni mshukiwa wa kwanza. Umeme wa majumbani Tanzania umewekwa kuwa volti 230 na Kenya 240. Kama multimita, kifaa cha kupimia umeme, inakuonyesha chini sana ya hapo nyakati za kuanguka, mweleze fundi umeme kabla ya kumweleza fundi kompyuta. Na kama nyuma ya pawa saplai kuna swichi ndogo yenye namba 115 na 230, hakikisha inasomeka 230. Ikichomekwa kwetu ikiwa kwenye 115, pawa saplai huungua papo hapo.

Inazima kabla ya nembo

Anza kwa kuchomoa kila kitu cha USB: printa, flashi, modemu, kibodi, kipanya. Chungulia matundu ya USB, hasa ya mbele. Pini iliyopinda ikagusana na bati hutengeneza shoti, na mashine nyingi hukataa kuwaka ili kujilinda. Ikiwaka bila vifaa, rudisha kimoja kimoja.

Kama inazima sekunde ya nne au ya tano kila mara, kitufe chenyewe ndicho cha kushuku. Kompyuta ya mezani imeundwa izime kwa nguvu ukikishikilia kitufe kwa sekunde zipatazo nne. Kitufe kilichonata kwa vumbi na soda iliyomwagika kinafanya hivyo bila mkono wako. Ukishaifungua, chomoa kiwaya cha kitufe kutoka kwenye mazabodi, kisha gusanisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi kwa muda mfupi tu na uachie. Ikiendelea kuwaka, kitufe ndicho kibaya.

Sasa fungua kasha, lile wengi wanaloliita sipiyu. Chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa bati la kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Tumia brashi laini na upepo wa pampu kutoa vumbi, ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Tazama kwa makini kuna wakazi gani. Mijusi kafiri na sisimizi hupenda joto la pawa saplai, na mjusi aliyelala juu ya mazabodi anaweza kufunga njia ya umeme na kufa hapohapo pamoja na mashine. Siyo utani, fundi yeyote wa pwani ana hadithi yake.

RAM ndiyo inayofuata, na ndiyo inayotengeneza mashine nyingi bila gharama. Fungua vibanio, itoe, futa miguu yake ya dhahabu kwa raba nyeupe ya shule, pangusa vumbi la raba, irudishe mpaka vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio. Mombasa, Tanga na Zanzibar hewa ya chumvi huacha utando kwenye miguu hiyo, kwa hiyo kazi hii huko si ya mara moja. Kama zipo mbili, acha moja tu ujaribu, kisha ibadilishe na mwenzake, kisha badilisha tundu. Lengo ni kujua kama kibovu ni RAM au ni tundu la mazabodi. Na ukinunua nyingine, soma lebo: DDR3 haingii mahali pa DDR4, na kuilazimisha ni kuvunja tundu.

Wakati huohuo soma taa. Mashine hizi za ofisini husema ugonjwa wao kwa taa ya kitufe au kwa milio. Kwenye OptiPlex nyingi za miaka ya karibuni, taa ikimweka rangi ya chungwa mara mbili halafu nyeupe mara tatu, maana yake haijaona RAM. HP nazo zina mpangilio wao wa mimweko mekundu na milio. Hesabu, andika, kisha tafuta maana yake ukitaja modeli kamili iliyoandikwa kwenye kasha, kwa sababu mpangilio hubadilika kutoka toleo hadi toleo.

Ikiwa bado, punguza mashine hadi ibaki na vitu vya lazima tu: mazabodi, prosesa (ubongo wa kompyuta) na feni yake, RAM moja, pawa saplai. Chomoa diski, kisoma DVD, na kadi ya picha kama ipo, halafu chomeka skrini kwenye tundu la mazabodi. Ikitulia na kuonyesha nembo, au hata ujumbe wa kulalamika kwamba haina diski, umeshinda: rudisha kifaa kimoja, washa, rudisha kingine, washa. Kitakachoiangusha umekikamata.

Ikizima hata ikiwa uchi namna hiyo, macho yote kwenye pawa saplai. Njia bora ni kuazima nyingine inayofanya kazi. Hapa pana mtego: OptiPlex na EliteDesk nyingi hazitumii ile plagi kubwa ya pini 24 inayouzwa kila duka, zina plagi zao za pini sita au nane. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, au na picha yake iliyo wazi. OptiPlex nyingi za zamani zina kitufe kidogo cha kujipima nyuma ya pawa saplai pamoja na taa ya kijani. Chomeka umeme, kibonyeze, na taa ikikataa kuwaka pawa saplai imekufa.

Mwenye multimita anaweza kupima mashine ikiwa imewashwa, kwenye plagi ya diski: waya wa njano kwa mweusi usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kwa mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo ni mbovu. Ndani ya hapo siyo ushahidi kamili, kwa sababu pawa saplai iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa imetulia na kuporomoka prosesa inapoanza kula umeme. Feni yake kuzunguka ndiyo kabisa haithibitishi kitu.

Usiifungue pawa saplai. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa ndani yake unafikia karibu volti 325, na kapasita zake huweza kubaki na chaji hiyo hata baada ya kuchomolewa. Kama si kazi yako ya kila siku, nunua nyingine.

Jambo la mwisho hapa ni kapasita za mazabodi, vile vimkebe vya duara karibu na prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kuvuja ute wa kahawia, mazabodi ndiyo inayojizima. Mashine za miaka ya 2000 mwanzoni ziliathirika sana na kapasita mbovu, na OptiPlex GX270 ilipata sifa mbaya kwa hilo. Fundi wa redio mzuri anaweza kuzibadilisha kwa bei ndogo kuliko mazabodi nyingine.

Nembo inaonekana, kisha inasema haioni pa kuanzia

Tazama tarehe. Ikiwa kompyuta inadai ni mwaka wa nyuma kabisa kila inapochomolewa umeme, betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi imekwisha. Mpya ina volti 3, na inauzwa hata kwa mafundi saa. Watu hudhani kazi yake ni saa tu. Ikifa, mipangilio ya BIOS, programu ya mazabodi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, hurudi ilivyotoka kiwandani, na kwenye baadhi ya OptiPlex maana yake ni diski kuhamishwa kutoka AHCI kwenda RAID, namna mbili tofauti za mazabodi kuzungumza na diski. Kama aliyekuuzia aliweka Windows kwenye AHCI, Windows hiyo sasa haiioni diski yake: inaanguka na skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, inajiwasha, inaanguka tena. Hapo ndipo "kupiga Windows" hufanyika bure kabisa.

Badilisha betri, ingia BIOS (Dell kwa F2, HP kwa F10, ThinkCentre kwa F1), rekebisha tarehe, kisha nenda sehemu ya SATA, njia inayounganisha diski na mazabodi, ujaribu AHCI. Ikiwa tayari ipo AHCI, jaribu ile nyingine. Angalia na namna ya kuwaka, UEFI au Legacy, kwa kanuni hiyohiyo: Windows inawaka kwa ile iliyowekwa nayo. Andika ulichokikuta kabla ya kubadilisha, ili uweze kukirudisha.

Kama BIOS haioni diski kabisa, badilisha kebo yake na tundu la SATA. Diski ya kuzunguka inayogonga "tak, tak" inakufa. Iache kwanza, usome sehemu inayofuata.

Okoa mafaili kabla ya kutengeneza chochote

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Tumia kompyuta nyingine kuandaa flashi ya Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayoendesha kompyuta badala ya Windows; ya GB 8 inatosha. Chomeka, bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, chagua flashi, kisha chagua kuijaribu bila kuiweka kwenye diski. Utaona meza kamili ya kazi, utafungua diski ya Windows kama folda, na utahamisha mafaili yako kwenda diski ya nje.

Zawadi ya ziada: hicho ni kipimo. Kompyuta ikifanya kazi saa mbili kwenye Linux bila kuanguka, vifaa vyake kwa kiasi kikubwa ni vizima na kosa liko kwenye Windows au diski. Ikianguka na huko, rudi kwenye RAM, joto na pawa saplai. Windows haina hatia.

Diski ikidai ufunguo, imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski. Ufunguo huo una tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwashia mashine. Ingia kwa simu ukautafute kabla ya kugusa mipangilio ya BIOS, kwa sababu mabadiliko huko yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo.

Inaanguka kwenye vidoa vya Windows

Windows imepangwa ijiwashe upya yenyewe ikianguka, ndiyo maana huoni kosa. Kuizuia, ingia kwenye menyu ya uokoaji: washa, vidoa vikianza kuzunguka shikilia kitufe izime, rudia hivyo, na safari ya tatu itakuletea menyu hiyo badala ya kuendelea. Fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart. Katika orodha inayokuja, namba 9 inazuia kujiwasha upya. Sasa ikianguka, skrini inabaki na jina la kosa unalisoma kwa utulivu. MEMORY_MANAGEMENT inakurudisha kwenye RAM, na WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni prosesa, joto au umeme. Likitajwa jina la faili linaloishia na .sys, mara nyingi hilo ni la draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, iliyoanguka.

Namba 4 kwenye orodha hiyohiyo ni Safe Mode, ambako Windows inawaka na draiva chache tu. Ikiwaka huko, toa programu au draiva ya mwisho uliyoweka. Antivairasi mbili kwenye mashine moja ni mgonjwa wa kila siku. Mfano mkubwa wa programu ya ulinzi kuangusha Windows ulitokea tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows duniani kwa makadirio ya Microsoft. Mashirika ya ndege yalikwama. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja.

Ikikataa Safe Mode, rudi Advanced options ujaribu kwa mpangilio huu: Startup Repair, Uninstall Updates, hasa kama ilianza baada ya sasisho, System Restore kama kuna nukta ya kurudia. Kisha Command Prompt. Kwanza andika dir C: uone kama folda ya Windows ipo hapo, kwa sababu kwenye menyu hii herufi za diski huweza kubadilika. Ikiwa ipo:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

chkdsk C: /f

bcdboot C:\Windows

Ya kwanza inarudisha mafaili ya Windows yaliyoharibika, ya pili inanyoosha mpangilio wa diski, ya tatu inaandika upya mafaili ya kuwashia. Utakutana na ushauri wa kutumia chkdsk /r. Kwenye diski inayokufa, amri hiyo inailazimisha kusoma kila kona yake kwa saa nyingi, na inaweza kuimaliza. Iendeshe tu baada ya mafaili kuwa salama kwingine.

Kuweka Windows upya kunakuja hapa, si kabla. Ukifika huko, kumbuka Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. OptiPlex ya kizazi cha nne ya kuandikia barua na kutazama video, mimi ningeiwekea Linux Mint.

Inawaka vizuri, inazima ukiwa kazini

Ikizima baada ya dakika kumi za mchezo au video lakini ikatulia ukiwa unaandika tu, ni joto au pawa saplai iliyochoka. Prosesa nyingi za Intel hupunguza kasi zikifika karibu nyuzi 100, na joto likizidi hapo hujizima ili zisiungue. Kwanza hakikisha feni ya prosesa inazunguka na imebana pande zote nne; mguu mmoja ulioachia unatosha. Kisha bandua kipoza joto, futa ile pasta iliyokauka kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Ukiipaka kama siagi haisaidii zaidi.

Joto likiwa sawa, endesha MemTest86 kutoka kwenye flashi usiku kucha. Kosa moja tu jekundu linatosha kuihukumu RAM. Diski ipime kwa CrystalDiskInfo ukiwa Windows. Ikisema Caution au Bad, anza kutafuta SSD, diski isiyozunguka.

Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta kosa jekundu la Kernel-Power 41, na fundi mwingine atakuonyesha kama ushahidi kwamba pawa saplai ni mbovu. Linasema tu kwamba kompyuta ilizima bila kuaga. Hata ukichomoa waya kwa mkono litaandikwa hilohilo.

Ukimpelekea fundi

Mwonyeshe video, mwambie inaangukia wapi na umeshaondoa nini. Kama kosa liko kabla ya nembo, chomoa diski ubaki nayo nyumbani; haihitajiki kwa matengenezo hayo. Piga picha ya lebo ya RAM na idadi yake kabla ya kuondoka, kubalianeni bei ya ukaguzi peke yake, na udai urudishiwe kifaa cha zamani kila kinapobadilishwa. Kama ni mazabodi, uliza kwanza bei ya mashine nzima ya modeli hiyohiyo iliyotumika. Mara nyingi tofauti ni ndogo, na hiyo nzima inakuja na pawa saplai nyingine ya akiba.